Tetemeko la Bukoba: Michango Ilikuwa ya Nani?

Tetemeko la ardhi lililoipiga Bukoba, mkoani Kagera, alasiri ya Jumamosi, 10 Septemba 2016, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Liliua watu wasiopungua 17, likajeruhi mamia na kubomoa nyumba zaidi ya 2,000. Maelfu ya nyumba nyingine zilibaki zimesimama lakini hazikaliki kwa nyufa. Januari 2017, Rais John Magufuli alifika Kagera na kutangaza kwamba Serikali haitamjengea nyumba mtu mmoja mmoja. Fedha za maafa zingerudisha miundombinu na taasisi za umma. Uamuzi huo uliwadhulumu waathirika, na kupita kwa miaka hakujaubadilisha kuwa wa haki.

Watetezi wake wana hoja. Serikali haikuleta tetemeko, hazina haiwezi kubeba kila ukuta ulioanguka, na shule moja huhudumia vizazi. Ni kweli kwamba sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Fedha za Uingereza zilizoijenga upya Ihungo zilitolewa kwa kazi hiyo, na hazina mgogoro.

Mgogoro uko kwenye michango. Mara baada ya tetemeko, Serikali yenyewe iliwaomba wananchi, wafanyabiashara na mabalozi kuchangia. Akaunti ikafunguliwa kwa jina la Kamati Maafa Kagera. Picha zilizoonyeshwa nchi nzima zilikuwa za familia zilizolala chini ya turubai kwenye migomba, kando ya vifusi vya nyumba zao. Aliyetoa, awe na elfu kumi au milioni kumi, alitoa kwa ajili ya watu hao. Fedha iliyoombwa kwa jina la mtu ni amana ya mtu huyo. Anayeikusanya ni mshika amana, na mshika amana hana mamlaka ya kuibadilishia kazi, hata akiwa na cheo gani, hata kazi anayoipendelea ikiwa njema. Shule na vituo vya afya vina bajeti yake, nayo hutokana na kodi ambayo waathirika hao hao hulipa. Kuvijenga kwa michango hiyo ya rambirambi ni kumtoza aliyebomokewa gharama ambayo ni wajibu wa dola. Kumjibu kwamba Serikali haikuleta tetemeko ni kukwepa swali, kwa kuwa hakuna aliyedai fidia. Waathirika waliuliza mchango wao uko wapi, na walistahili hesabu, si karipio!

Baadhi ya wasiojiweza walipata mabati na saruji. Wengine walijitegemea. Waliokuwa na ndugu Dar es Salaam au Mwanza walisubiri simu ya kutumiwa pesa, na waliokuwa na kahawa walijenga kwa msimu, chumba kimoja kwa mwaka. Katika mitaa ya Bukoba kama Hamugembe, nyumba nyingi zilikuwa pia chanzo cha kipato: mwenye nyumba, mara nyingi mjane au mstaafu, huishi chumba kimoja na kupangisha vingine. Ukuta ulipoanguka, kodi ya pango ilikoma siku ile ile. Benki nayo haikopeshi kwa dhamana ya kifusi. Kuhama si rahisi, kwa sababu kibanja cha Mhaya, yaani shamba linalozunguka nyumba yake, ndicho chenye migomba ya chakula na makaburi ya wazee wake.

Kilichofuata kinatisha zaidi. Nyumba nyingi zilizoanguka zilijengwa kwa matofali ya udongo au mawe, bila nondo wala linta ya kuzifunga kuta. Asiye na fedha hurudia ujenzi ule ule, mara nyingi kwa tofali zile zile zilizookotwa kwenye kifusi, huku Kagera ikiendelea kuwa ukingoni mwa Bonde la Ufa la magharibi. Linta ya chumba kimoja huhitaji mifuko michache ya saruji, nondo chache na fundi anayejua kuzifunga. Hiyo ndiyo kazi ambayo michango ingeanza nayo, nyumba kwa nyumba, kwa orodha iliyobandikwa ofisi ya kata ili kila mtu aisome.