Nani ashike muhuri wa komuni?

Mtu anayetaka kufungua kabare, yaani baa, mjini Muyinga nchini Burundi, hata iwe ya meza tatu na madumu mawili ya urwarwa, haanzi na ndizi. Huanza na karatasi. Shefu wa kilima, kiongozi wa ngazi ya chini kabisa ya utawala, sharti amtambue. Karani wa komuni humwandikia risiti kwa kalamu, nakala ikibaki chini ya karatasi ya kaboni. Halafu husubiriwa saini ya musitanteri, jina ambalo Kirundi kilimpa mkuu wa komuni baada ya kulitafuna neno la Kifaransa. Musitanteri akiwa mkutanoni, karatasi humngoja. Urwarwa haungoji: siku chache tu, pombe ya ndizi imekuwa chachu.

Safari hiyo ya karatasi ni fupi, lakini imebeba swali la utawala ambalo Burundi imelifungua upya. Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na komuni kutoka 119 hadi 42. Ramani hiyo mpya ndiyo iliyotumika katika uchaguzi wa 5 Juni 2025. Muyinga, iliyokuwa makao makuu ya mkoa wenye komuni saba, sasa imo ndani ya mkoa wa Buhumuza, na makao makuu ya mkoa huo ni Cankuzo. Komuni zake saba zimekunjwa zikawa mbili, Muyinga na Butihinda. Gitega imeelekea upande mwingine. Desemba 2018 serikali iliitangaza kuwa mji mkuu wa kisiasa, Bunge likaidhinisha Januari 2019, na leo ni makao makuu ya mkoa uliomeza majirani zake Karusi, Mwaro na Muramvya. Mji mmoja umepoteza gavana, mwingine umepata wizara.

Malalamiko ya kwanza yalihusu umbali, na yana haki yake. Mkulima wa iliyokuwa komuni ya Mwakiro au Buhinyuza hana tena ofisi ya komuni kule alikoizoea. Hata hivyo, yupo mfanyabiashara anayekaa dakika kumi kutoka ofisini na bado amezungushwa wiki nzima. Huyo anajua kwamba liko jambo zito kuliko mwendo: bei ya kibali imeamuliwa na nani, lini, na mbele ya nani.

Kwenye karatasi, jibu lipo. Sheria ya komuni ya 20 Aprili 2005 ilitungwa nchi ikitoka vitani, miaka mitano baada ya Mkataba wa Amani wa Arusha. Kabla yake musitanteri aliteuliwa na rais. Sheria hiyo iliweka baraza la watu 15 wanaochaguliwa kwa miaka mitano, nalo likamchagua musitanteri miongoni mwao. Baraza hupitisha bajeti na kuamua mambo ya komuni. Musitanteri hutekeleza na kutoa hesabu. Machi 2016 ikaja sheria ya kodi za komuni, iliyokusudia kupanga ni nani atozwe nini: meza ya sokoni, ng'ombe aliyeuzwa, karatasi iliyopigwa muhuri.

Kwa hiyo mwenye neno la mwisho juu ya vibali angekuwa baraza. Lakini muhuri ni mmoja, na uko mezani kwa musitanteri. Diwani ana kikao chake, kisha anarudi shambani au dukani kwake; musitanteri yupo kila siku, ana karani, ana polisi wa kuita. Baada ya miaka michache, mwananchi anayetafuta kibali hajui hata majina ya madiwani wake. Anamjua musitanteri, anamjua shefu wa kilima, anamjua mtoza ushuru wa sokoni. Baraza limegeuka kuwa chombo kinachopitisha bajeti mara moja na kusahauliwa mwaka mzima.

Fedha nazo zimechangia. Kwa miaka kadhaa serikali kuu ilikuwa ikiitengea kila komuni faranga milioni 500 kwa mwaka za miradi ya maendeleo. Fedha hizo zimejenga shule na zahanati, na hakuna mwenye akili anayezikataa. Ila komuni inayosubiri fedha kutoka juu huangalia juu. Faranga za muuza nyanya wa soko la Muyinga ni kidogo mno kumfanya asikilizwe, ingawa ndizo anazozitoa kila siku ya soko, mvua inyeshe, jua liwake.

Kinachotokea kibali kinapotolewa bila mjadala kilionekana mwaka 2017, mara mbili, kwa sura mbili tofauti.

Sura ya kwanza ilikuwa ya ngoma. Kilomita chache kutoka mjini Gitega kuna Gishora, patakatifu pa ngoma za kifalme, ambako vijana hucheza wakiwa na ngoma vichwani kama babu zao walivyocheza mbele ya mwami. UNESCO iliuingiza mchezo huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Oktoba 2017 amri ya rais iliwazuia wanawake kupiga ngoma hizo, ikataka onyesho lolote lililo nje ya sherehe rasmi liombewe ruhusa kwenye wizara ya utamaduni, na ikaweka ada ya faranga 500,000 kwa kila onyesho. Waliotetea amri hiyo walisema inalinda heshima ya ngoma isigeuzwe burudani ya harusi. Hoja hiyo ina watu wake, na inastahili kujadiliwa. Ila katika mpango huo komuni yenye Gishora haikuachiwa kauli yoyote, na ada ya mchezo uliozaliwa vilimani ikapangiwa wizarani.

Sura ya pili ilikuwa ya risiti. Desemba 2017 agizo la mawaziri liliweka mchango wa uchaguzi wa 2020, kiwango kikipangwa kwa kaya, kwa mshahara wa mtumishi wa umma, na hata kwa mwanafunzi aliyefikia umri wa kupiga kura. Serikali iliuita mchango. Ripoti ya Human Rights Watch ya Desemba 2019 ilieleza jinsi viongozi wa mitaa na vijana wa chama tawala walivyoukusanya kwa nguvu, wakiweka vizuizi njiani kukagua nani amelipa na kuwazuilia wengine huduma za umma. Kipande kile cha karatasi, ambacho hakuna sheria iliyokiita kibali, kikawa kibali cha kupita. Hapo ndipo pana hatari ya ofisi ambayo mwananchi hajui mipaka yake: hawezi kutofautisha ushuru halali na ule uliobuniwa asubuhi hiyo, kwa sababu aina zote mbili huja na risiti zinazofanana.

Wapo wanaoamini dawa ni kuziondolea komuni vibali vyote na kuvipeleka kwenye dirisha moja la taifa. Wana mfano mzuri mkononi. Mwaka 2012 Burundi ilifungua dirisha moja la kusajili makampuni jijini Bujumbura, na ripoti ya Benki ya Dunia kuhusu mazingira ya biashara ya mwaka 2013 iliitaja miongoni mwa nchi 10 zilizofanya mageuzi makubwa zaidi. Mwekezaji aliyekuwa akizunguka ofisi nyingi sasa alikaa kwenye benchi moja. Hakuna sababu ya kuyabeza mafanikio hayo.

Tatizo ni kwamba dirisha lile lilijengwa kwa ajili ya kampuni. Mama anayevuka Kobero kwenda Kabanga, upande wa Ngara nchini Tanzania, na mzigo wa sabuni na vitenge hasajili kampuni. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia Julai 2007, ilimwekea utaratibu wake: bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha asili. Mpakani, basi, anajua kiwango chake. Akiingia sokoni kwenye komuni yake mwenyewe, bei inaweza kumshangaza.

Tanzania ilijaribu njia ya mkato. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwagawia wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Aliyekuwa nacho hakupaswa kusumbuliwa kwa ushuru mwingine. Machinga wengi walipumua. Halmashauri zikaona chanzo chao cha mapato kikikatwa kwa tamko la jukwaani. Yule aliyefaidika na kitambulisho na yule aliyekosa ushuru hawakukutanishwa popote wakazungumza.

Kenya iliwakutanisha, ingawa kwa lazima. Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2013 yenye ada na tozo mpya, wananchi wakaenda mahakamani. Tarehe 17 Aprili 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta sheria hiyo yote kwa kuwa umma haukushirikishwa kama Katiba ya 2010 inavyodai. Mahakama haikusema ada ni kubwa mno. Ilisema kaunti haikuwasikiliza kikweli watu waliotakiwa kuzilipa. Tangu hapo kaunti nyingi za Kenya huitisha vikao vya kuwasikiliza wananchi kabla ya kupitisha ada, hata kama baadhi huviitisha kwa kutimiza wajibu tu.

Burundi haihitaji kwenda Kiambu kujifunza hilo, maana ina somo lake yenyewe kwenye ardhi. Kanuni ya ardhi ya Agosti 2011 ilizipa komuni huduma za ardhi zinazoweza kutoa hati kwa mwenye shamba. Namna hati hiyo inavyopatikana inafaa kutazamwa kwa karibu.

Mwenye shamba huomba, na ombi lake hutangazwa. Siku ikifika, kamati ya utambuzi hupanda kilimani. Majirani huja, wengine na watoto mgongoni. Kundi zima hutembea mpakani, kutoka mti hadi mti, kwenye mstari wa minyaa uliopandwa na mtu ambaye huenda amekwishakufa. Mzee husimama na kusema: hapa palikuwa na mgomba wa baba yangu. Mwingine hubisha. Wanarudi nyuma hatua tatu, wanapima upya. Mwenye pingamizi husikilizwa palepale, na lisipotatuliwa huandikwa. Ndipo karatasi hushuka hadi ofisini na musitanteri huitia saini. Muhuri ni uleule unaogonga kibali cha kabare. Tofauti ni kwamba unapogonga hati ya shamba, kilima kizima kimekwishasema.

Njia hiyo ina kasoro zake. Katika nchi ambayo haijatunga sheria ya mirathi ya ardhi, binti wa marehemu anaweza kusimama mpakani na asiulizwe chochote, kaka zake wakiandikwa. Umma pekee haumtendei haki mnyonge. Lakini pingamizi lake, akilitoa, linasikiwa na watu 30 badala ya karani mmoja, na hilo ni gumu zaidi kulizika.

Kinachozuia mabaraza ya Gitega na Muyinga kuleta utaratibu huo kwenye leseni za biashara ni mazoea. Orodha ya ada inaweza kupitishwa na baraza katika kikao kilichotangazwa sokoni wiki mbili kabla, na wauzaji wakasimama kusema lipi linabebeka. Inaweza kubandikwa kwenye lango la soko kwa Kirundi, na Muyinga pia kwa Kiswahili, kwa kuwa mji huo una mtaa wa Waswahili na wafanyabiashara wanaohesabu kwa lugha hiyo tangu utotoni. Ombi linaweza kupewa siku maalumu za kujibiwa, na likikataliwa sababu iandikwe, ili diwani awe na kitu cha kuuliza. Gharama yake ni karatasi, gundi na alasiri moja ya madiwani.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la kisiasa. Katika uchaguzi wa wabunge wa Juni 2025, chama tawala cha CNDD-FDD kilipata zaidi ya asilimia 96 ya kura na viti vyote 100 vilivyogombewa. Pale ambapo upinzani umefutika kiasi hicho, nani atamuuliza musitanteri maswali kuhusu vibali? Muuza mchele atathubutu kusimama mbele ya baraza ambalo wengi wake ni wa chama kimoja na kusema ada imezidi?

Hofu hiyo haina jibu la haraka, ila kuna mahali pa kuanzia. Mabaraza ya vilima huchaguliwa kwa majina ya watu. Wagombea hawabebi bendera ya chama, na watano wanaoongoza kwa kura ndio huunda baraza, mwenye kura nyingi kuliko wote akiwa shefu. Hao ndio wanaomjua mwombaji kabla hajagusa mlango wa komuni. Wakipewa nafasi ya kuketi kwenye kikao cha ada na kusomewa orodha ya leseni zilizotolewa na zilizokataliwa, angalau kutakuwa na macho yasiyohesabu kura za chama.

Komuni mpya ni kubwa, na ukubwa unaweza kuwa faida. Komuni moja iliyochukua nafasi ya tatu inaweza kumlipa mhasibu aliyesoma, kununua kompyuta, na kufuta vijitozo ambavyo ukusanyaji wake ulikula karibu chote kilichokusanywa. Inaweza pia kumweka musitanteri juu ya watu mara tatu zaidi, akiwa na muhuri uleule na baraza lilelile lisilojulikana. Muyinga itafuata mojawapo ya njia hizo mbili, na dalili haitahitaji mtaalamu kuisoma. Baraza litakapopitisha bajeti yake ijayo, mwenye kabare ya meza tatu atapita langoni mwa soko akielekea kutafuta ndizi. Ama ataikuta orodha ya ada imebandikwa pale, na bei ya leseni yake ikiwemo, ama atakwenda kuiulizia mezani kwa karani.