Nishani ya Mbunge Ipimwe Mloka

Huko Marekani kipo chama kiitwacho League of Conservation Voters, kilichoanzishwa mwaka 1970. Kila mwaka chama hicho huandika kura za kila mjumbe wa Kongresi katika mambo ya ardhi, hewa na maji, kisha humpa alama kama mwalimu ampavyo mwanafunzi. Vipo na vyama vingine vinavyowatunza wabunge wa majimbo waliopigania sheria za nishati safi. Mtu aweza kuuliza: mbona sisi hatufanyi hivyo? Mbunge anayetetea mazingira na umeme wa wananchi, kwa nini asipewe nishani?

Sisi hatuna ugomvi na wazo hilo. Kazi njema ikisifiwa, wengine huitamani. Lakini tungependa nishani hiyo isipimwe kwa makofi ya ukumbini Dodoma. Ipimwe Mloka.

Mloka ni kijiji cha Wilaya ya Rufiji, kando ya mto, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ukipanda mto kutoka hapo ndipo ulipo ukuta wa bwawa la Julius Nyerere, wenye kimo cha mita 131. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 26 Julai 2019. Maji yakaanza kuzuiwa tarehe 22 Desemba 2022. Na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikawa tayari, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Umeme huo huondoka kwa nyaya za kilovolti 400 kwenda Chalinze. Hii ni kazi kubwa ya Taifa, na wafanyakazi waliomwaga zege pale usiku na mchana wanastahili heshima kabla ya mbunge yeyote.

Hata hivyo bunge nalo lina sehemu yake, na sehemu hiyo mfanyakazi huishika mkononi kila anunuapo umeme wa LUKU. Atazame risiti yake. Ataona pameandikwa REA, asilimia 3. Fedha hizo huingia katika Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria namba 8 ya mwaka 2005. Maana yake ni kwamba mpangaji wa Manzese na fundi wa Tanga humchangia mkulima wa Rufiji nguzo na waya. Serikali imetangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimekwisha fikiwa na umeme, na sasa kazi iko vitongojini. Wabunge waliopitisha sheria ile wengi wao hawamo tena bungeni, na majina yao hayatajwi. Sheria yao ingali inafanya kazi. Hiyo ndiyo sifa tunayoitaka.

Tuseme pia juu ya jirani zetu, kwani kwao uko mfano ulio wazi. Mwaka 2012 Bunge la Kenya lilipitisha muswada wa mabadiliko ya tabianchi, na Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wengine wangekata tamaa. Bwana Wilber Ottichilo, aliyekuwa mbunge wa Emuhaya, alileta muswada mwingine mwaka 2014, akiwa mbunge tu na si waziri, na Mei 2016 ukawa sheria. Uganda nayo ikatunga yake mwaka 2021. Sisi Tanzania Bara tumeendelea kutegemea vifungu vilivyomo ndani ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, sheria nzuri, lakini iliyotungwa kabla bwawa hili halijajengwa.

Sababu iliyomfanya Rais Kibaki aurudishe muswada ule yatupasa tuifikiri sana sisi wa Rufiji. Mrufiji amezoea kuamuliwa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 alihamishwa kutoka bondeni akapelekwa nchi ya juu, naye bondeni ndiko alikokuwa na dungu lake, nyumba iliyosimama juu ya nguzo, na ndiko alikolima mlao katika unyevu ulioachwa na maji yanapokupwa. Mafuriko kwake hayakuwa msiba mtupu. Yalileta rutuba na samaki, mradi yafike kwa kiasi na kwa wakati wake.

Aprili 2024 hayakufika kwa kiasi. Mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zilizama. TANESCO ikaeleza kwamba mvua zilikuwa nyingi mno, na kwamba pasipo bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Wapo wakulima waliosema kuwa maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowazamisha. Hatutaki kuwa mahakimu wa shauri hilo. Twauliza jambo jepesi kuliko hilo: ni kifungu gani kinachomlazimisha mwenye ufunguo wa bwawa kumjulisha mwenyekiti wa kijiji siku kadhaa kabla ya kuufungua? Ni kifungu gani kinachosema mkulima aliye chini ya bwawa atafidiwa nini, na nani, na kwa muda gani?

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetangulia kusema jambo la haki: maji ya matumizi ya nyumbani kwanza, kisha maji ya kuuhifadhi mto wenyewe, ndipo matumizi mengine yafuate. Umeme umo katika hayo mengine. Basi kanuni hiyo itelemshwe iwe kalenda: mwezi fulani maji kiasi fulani yapite, na kalenda yenyewe ibandikwe Mloka, Utete, Mohoro na visiwa vya Delta. Huko Delta ndiko kwenye mikoko zaidi ya hekta 50,000, msitu mkubwa kabisa wa mikoko katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na kamba ambao wavuvi huishi kwao. Mikoko hiyo hulishwa na tope la mto, na tope halipiti ukutani kwa urahisi.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo huenda wengine wasilipende. Mwaka 2018, zabuni ilipotangazwa ya kuuza miti zaidi ya milioni 2.6 iliyokuwa katika eneo la bwawa, na mjadala ukawaka, naibu waziri mmoja alisema bungeni kwamba watakaoupinga mradi watafungwa. Maneno yale hayakuwa mazuri. Anayeuliza habari za miti na samaki si adui wa umeme. Bwawa limejengwa, nasi twalifurahia. Maswali yale yamebaki palepale, na yanahitaji mbunge wa kuyabeba.

Turudi kwenye alama. Njia ya Wamarekani haitufai yote, kwa kuwa bungeni kwetu miswada mingi hupita kwa sauti ya "Ndiyo", na hakuna ajuaye nani alisema nini. Lakini zipo kumbukumbu rasmi za majadiliano, na yapo majedwali ya marekebisho ambayo mbunge huyaleta kwa jina lake. Hayo yahesabiwe. Mbunge aliyeongeza kifungu kimoja cha kumlinda mkulima wa bondeni ana alama nyingi kuliko aliyesimama mara kumi kupongeza.

Lipo na suala la jiko. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Ni maagizo mema, lakini ni maagizo. Waziri akibadilika, agizo laweza kusahauliwa. Mama wa Mloka anayekwenda kuni katika pori la tembo anahitaji kitu kisichosahaulika, chenye fedha yake kama ile asilimia 3 ya risiti.

Bunge la 13 lilianza kazi Novemba 2025. Mbunge atakayeleta muswada wa kalenda ya maji na fidia ya watu wa chini ya bwawa, tutaliandika jina lake hapa kwa herufi kubwa, awe wa chama chetu au asiwe. Na siku hiyo ikifika, twaomba nishani yake akavikwe uwanjani Mloka, na wa kumvika awe mkulima ambaye shamba lake lilizama mwaka 2024.