BARABARA NI YA WOTE: MASHINDANO YAWE NA MAHALI PAKE

Mtu atokaye Moshi mjini asubuhi kupanda Kibosho, Machame au Marangu hukutana na umma mzima barabarani. Akina mama wamejitwika mikungu ya ndizi kwenda sokoni. Watoto wa shule hutembea makundi kwa makundi. Wafanyakazi wawahi zamu zao. Bodaboda na daladala zapishana katika kona ambazo migomba huzificha mpaka dakika ya mwisho. Swali letu la leo ni hili: Je, motokaa iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ina haki ya kupita hapo? Na kama inayo, ni kwa masharti gani?

Hatuulizi kwa chuki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakazoeleka kufanyika wakati wa Pasaka. Tanzania nayo ilipata sifa pale Bert Shankland, aliyekuwa akiishi nchini humu, aliposhinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1963 zilimaliza motokaa saba tu. Watu walioshinda matope na mashimo ya namna ile walistahili heshima, nasi hatuwanyimi.

Lakini siku hizo mashindano yalikwenda katika barabara ambazo wananchi waliendelea kuzitumia, hata ikawa desturi helikopta kutangulia ili kuonya juu ya magari na wanyama walioko mbele. Dunia imejifunza, na kwa gharama ya damu. Nchini Italia mwaka 1957, katika mashindano ya Mille Miglia, tairi la motokaa moja lilipasuka. Wakafa dereva, mwenzake na watazamaji 9, watano kati yao wakiwa watoto. Mashindano hayo ya kasi yalikomeshwa. Safari iliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, sehemu za kushindania kasi zilifungwa kwa watumiaji wengine. Na dereva atokapo sehemu moja kwenda nyingine kwa barabara ya umma, kanuni za mchezo wenyewe zamtaka atii sheria za nchi kama dereva mwingine yeyote. Basi ikiwa bingwa wa dunia hupunguza mwendo apitapo kijijini, kijana wa mjini petu anayemwiga apata wapi ruhusa ya kutopunguza?

Sheria ya nchi yetu haina fumbo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yataka motokaa iliyoko barabarani iwe imesajiliwa na iwe katika hali njema, nayo yaadhibu uendeshaji wa hatari. Katika maeneo ya makazi mwisho wa mwendo ni kilometa 50 kwa saa. Bima ya kuwalinda watu wengine ni lazima. Wenye motokaa wakumbuke pia kuwa mikataba mingi ya bima hailipi hasara itokanayo na mashindano. Na aliyebadili chombo chake pasipo kumwarifu mwenye bima aweza kujikuta peke yake siku ya msiba.

Tukiiacha sheria tukaitazama motokaa yenyewe, hatari ni dhahiri. Tairi laini lisilo na mifereji hushika vizuri lami kavu, lakini siku ya masika huelea juu ya maji. Breki za mashindano aina nyingine hazishiki vema mpaka zipate moto, na mtoto avukaye barabara hangojei zipate moto. Mabomba ya chuma yazungukayo ndani humwokoa dereva aliyevaa kofia ngumu na kufungwa mikanda sawasawa. Asiyevaa kofia hugongwa kichwa na chuma hicho hicho. Ekzosi iliyoondolewa kizuia sauti huwanyima usingizi wagonjwa na wazee.

Na mwendo una hesabu yake. Kwa kilometa 50 kwa saa, dereva aliyeona hatari huenda meta 14 kila sekunde kabla hajagusa breki; kwa kilometa 100 huenda meta 28. Kisha mwendo ukizidi mara mbili, urefu wa kusimama kwa breki huzidi mara nne. Ustadi wa dereva hauifuti hesabu hiyo.

Wapo watakaosema: "Motokaa yangu hukaguliwa kila kabla ya shindano, breki zake ni bora kuliko za daladala na malori mabovu." Neno hilo lina ukweli, nasi hatulikwepi. Polisi asimamishaye motokaa yenye kelele na kuliacha basi lenye matairi vipara hajatenda haki. Lakini ubovu wa mmoja hauwi cheti cha mwingine. Mama mwenye mkungu kichwani hana breki wala kofia ngumu. Ndiye kipimo cha usalama wa barabara.

Kwa hiyo twasema hivi. Motokaa isiyotimiza masharti ya barabara ibebwe juu ya lori mpaka mahali pa mashindano. Iyatimizayo na ipite, kwa mwendo wa wote. Mashindano yafanyike kwa kibali, barabara ikiwa imefungwa, na wanavijiji wawe wameelezwa siku na saa mapema, katika lugha yao, si kwa karatasi iliyobandikwa mjini. Ukaguzi uwe mmoja kwa tajiri na maskini. Na serikali za mitaa ziwape waendao kwa miguu njia yao kando ya barabara, kwani wao ndio wengi.

Kijana apendaye kasi hatumzuii kupenda. Twamtaka aitafute palipotengwa, ili watoto wa Kibosho wafike shuleni, na yeye arudi kwa mamaye.