Mgeni wa Utafiti Naye Apewe Jembe

Sisi wa Handeni na Korogwe ni watu tuliosomwa sana. Hatusemi kusoma darasani. Tunasema kusomwa, kama kitabu. Kwa zaidi ya nusu karne wanafunzi wa shahada za juu wamekuja kwetu kutoka nchi za mbali kujifunza siasa, ardhi na mila zetu. Wamekaa barazani na wazee, wamejaza madaftari, wakarudi kwao na kupata udaktari wa falsafa. Jambo hilo si baya. Swali letu ni moja: yaliyoandikwa yanarudi kwa nani?

Tutoe kwanza heshima panapostahili. Miaka ya 1960 Steven Feierman, mwanafunzi kutoka Marekani, alikuja Usambara, akajifunza Kishambaa na kusikiliza wazee. Mwaka 1974 kikatoka kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa. Humo msomaji anaona jinsi Semboja wa Mazinde, mahali palipo leo Wilaya ya Korogwe, alivyopata nguvu kwa biashara ya misafara wakati Vugha huko mlimani ilipokuwa inadhoofika. Baadaye alirudi tena, na katika kitabu cha mwaka 1990 akaonyesha kwamba mkulima wa kijijini ni mtu wa fikra, mwenye hoja zake juu ya nani anaiponya nchi na nani anaiharibu.

Huku Handeni alikuja James Giblin, aliyemaliza tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1986 na kutoa kitabu mwaka 1992. Alieleza kwamba njaa ya Uzigua haikuletwa na ukame peke yake. Zamani wakubwa wa vijiji walikuwa na akiba ya chakula, waliwashika watu wakati wa shida, na kwa kuwa watu hawakutawanyika, mashamba yalizuia pori na mbung'o. Utawala wa kikoloni ulipodhoofisha mpango huo, pori lilirudi, na maradhi ya mifugo pamoja nalo.

Fikirini, ndugu zetu: hayo ni maarifa ambayo mwalimu wa historia wa sekondari ya Handeni angefurahi kuyafundisha kesho asubuhi. Lakini yamo katika Kiingereza cha chuo kikuu, ndani ya vitabu ambavyo ni nadra kuonekana wilayani. Mjukuu wa mzee aliyesimulia hana njia ya kujua babu yake alisema nini, wala ya kusema, "Hapa mwandishi hakuelewa."

Wala haikuanza hivyo. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyeingia Usambara katika karne ya 19, aliandika Habari za Wakilindi. Naye alikuwa mgeni, tena mwenye upande wake katika siasa za wakati ule. Lakini aliandika kwa Kiswahili, kwa hiyo wenyeji wameweza kumsoma, kumsifu na kumbishia. Mgeni anaweza kuandika vizuri juu yetu. Neno ni kwamba tuweze kumjibu.

Jambo hili lina uzito zaidi leo. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamishiwa kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, na habari zake zimesomwa duniani kote. Mwanafunzi anayefika huko akiwa na majibu tayari mfukoni, yawe ya kusifu au ya kulaumu, atapata mtu wa kuyathibitisha. Mwenye nia ya kuelewa atawasikiliza waliohamia, waliokuwapo kabla yao, na viongozi, kisha atakaa zaidi. Atakayoyaandika yanaweza kugusa shamba la mtu, basi si haki mtu huyo awe wa mwisho kuyasoma.

Tunajua shida za wanafunzi hawa. Kibali cha COSTECH kinachukua muda, kisha kuna barua ya mkoa, ya wilaya, na mtendaji wa kijiji naye anasubiri. Fedha ni kidogo. Katika wilaya yenye dhahabu, mgeni mwenye ramani hudhaniwa anatafuta madini. Wengine humwona mfadhili, wakampa majibu ya kumpendeza. Na chuo chake kinataka tasnifu kwa lugha ya chuo. Yote hayo ni kweli. Lakini kurasa sita za Kiswahili rahisi hazizuiwi na chuo chochote. Nakala moja ibaki shuleni, moja ofisi ya kijiji, moja parokiani, na majina ya waliozungumza kwa siri yafichwe. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mtafiti ndilo hilo.

Na sisi tunayo sehemu yetu. Parokia inayompokea mtafiti imwambie sharti hilo siku ya kwanza, kwa upole, na imtafutie mzee atakayemwambia ukweli hata kama haupendezi.

Kwenu waseminari neno hili ni lenu mara mbili. Baadhi yenu mtatumwa Roma au kwingine kwa masomo ya juu. Msikae huko kama abiria kituoni. Julius Nyerere alitoka ualimu wa St. Mary's Tabora akaenda Edinburgh mwaka 1949, akasoma historia na siasa za wenyeji wake, akarudi mwaka 1952 akiwa anamfahamu vizuri mtawala. Someni nanyi siasa na desturi za watu watakaowapokea, kisha mtuandikie kwa Kiswahili.

Wengine mtapangiwa parokia ambayo lugha yake ya nyumbani hamuijui. Hati ya Mtaguso, Ad Gentes, ya mwaka 1965, inamtaka mmisionari ajifunze kwa kina historia, muundo wa jamii na desturi za watu anaotumwa kwao. Padre anayetoka mbali na kufika Uziguani naye ni mgeni wa kusoma watu. Alichojifunza kwao na kionekane katika mahubiri yake, ili mzee aliyemfundisha ajisikie pale kanisani, na akiona kimepinda, amfuate baada ya Misa amsahihishe.