Tusiwachome Nyuki wa Bustani



Tangu nyuki walipoingia katika tundu la mwembe ulio kando ya bustani ya shule, wengi kati yetu wanasema sherti wachomwe moto usiku. Sababu yao tunaielewa: wadogo zetu wawili waliumwa siku ya kazi ya mikono, uso ukavimba. (Na tuseme kweli, kuna mtu aliyetupa jiwe kwanza.) Lakini wanaongeza neno lingine: mahindi yetu yanazaa bila nyuki, basi wale nyuki ni wa kazi gani?

Neno hilo ndilo tunalolikataa. Tutazame muhindi. Ua lake la juu, lile kama mkia, halina rangi ya kuita mdudu wala utamu. Unga wake, ile poleni ya masomo ya biolojia, ni mwepesi kama vumbi. Upepo unaupeperusha, unaangukia nywele za muhindi. Kila unywele ni wa punje moja. Unywele ukikosa unga, punje haiko. Ndiyo maana mahindi ya mstari mmoja kando ya njia yalitoka na mapengo, maana unga mwingi ulipotea pembeni. Yapandwe mistari minne mifupi pamoja.

Boga ni habari nyingine kabisa. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba. Ua jike linabeba kiboga kidogo chini yake. Unga wa dume ni mzito tena unanata. Upulize kwa kinywa, utaona. Utamu uko chini kabisa ndani ya ua, hata nyuki sherti aingie mwili mzima, na akitoka amejaa unga, anaupeleka kwa jike. Ua linafunguka alfajiri, karibu na saa sita limekwisha kufunga. Jike lisilofikiwa na mdudu asubuhi ile, kiboga chake kinageuka manjano na kuanguka. Halafu sisi tunalaumu udongo!

Kwa hiyo tunamwomba Bwana Prefe nyuki wasichomwe. Kijijini kuna wazee wenye mizinga ya magome; aitwe mmoja jioni awahamishe salama. Tena dawa ya wadudu isinyunyizwe asubuhi juu ya maboga, wakati maua yako wazi. Mpaka mzee afike, tupitie njia ya kisima, na mawe yabaki chini.