Teknolojia Zikifa, Nani Anazika?

Kuna jambo linanikera siku nyingi, leo acha nilitoe. Kila teknolojia mpya ikiingia nchini inapokelewa kama bibi harusi. Ukumbi unapambwa, mgeni rasmi anaalikwa, fulana na kofia zinagawiwa. Kesho yake unasoma gazetini kwamba maisha ya Mtanzania hayatakuwa tena kama zamani. Haya, miaka mitatu minne inapita, kile kitu kinakufa. Hapo sasa, ndugu msomaji, hutaona ukumbi wala mgeni rasmi. Hata tanzia hakuna. Kinakufa kimya kimya kama paka, anayekishtukia ni yule aliyekinunua.

Leo nataka tufukue makaburi machache. Si kwa ajili ya kucheka marehemu, maana kucheka ni rahisi. Nataka tuulize wamekufa kwa ugonjwa gani. Maelezo tuliyoyazoea ni mawili tu: ama "kile kitu kilikuwa kibovu", ama "watu wetu hawakuwa tayari". Mimi siamini hata moja. Mara nyingi mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri, na watu walikuwa tayari kuliko maelezo. Kilichokosekana ni mwenyeji wa kubaki nayo wageni wakishaondoka.

Tuanze na marehemu ambao wengi wenu mnawakumbuka, au mmesikia kaka zenu wakiwataja. Tritel ilikuwa kati ya kampuni za kwanza kabisa za simu za mkononi nchini, enzi za miaka ya 1990, wakati mwenye simu alikuwa anaiweka mezani baa ili wote waione. Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel ikafuata 2001, ushindani ukawa mkali, na kufikia mwaka 2003 Tritel imezimwa, ikiacha nyuma madeni na wateja. Halafu mwaka 2009 ikaja Sasatel kule Dar es Salaam, na teknolojia yake ya CDMA. Nayo ilisifiwa kwa kasi ya intaneti. Nayo haipo.

Sasa tazama tofauti iliyopo kati ya vifo hivyo viwili, kwa sababu ndani yake kuna somo. Mwenye simu ya GSM, kampuni ikifa, anatoa laini, anaweka nyingine, maisha yanaendelea. Anapoteza namba na salio, lakini simu inabaki simu. Mwenye simu ya CDMA alikuwa hana pa kwenda, kwa sababu simu yake haielewani na mitandao ya GSM waliyokuwa nayo watu wengi. Kampuni ikifunga milango, kifaa chake kinageuka jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke. Kwa maneno mengine, kuna teknolojia ambayo kifo chake ni cha kampuni peke yake, na kuna ile inayozikwa pamoja na mteja wake. Siku ya uzinduzi, nani aliwahi kuambiwa ananunua ipi?

Tutoke kwenye simu twende ziwani, maana huko ndiko kunaniuma zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya DHL pamoja na Wingcopter na shirika la GIZ la Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio la miezi sita la kupeleka dawa Ukerewe kwa ndege isiyo na rubani. Ndege ile ilikuwa inatoka Mwanza hadi kisiwani, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Tena ilirudi na sampuli za maabara. Hebu jiulize, kifaa hicho kilishindwa wapi? Hakikushindwa popote. Kilifanya kila kilichoahidiwa. Lakini mwaka 2021 DHL wakaachana kabisa na mradi wao wa ndege hizo, na jaribio letu likabaki video nzuri ya kutazama.

Kabla ya hapo, Agosti 2017, kampuni ya Zipline ya Marekani na Serikali yetu walitangaza kwamba Tanzania itakuwa na vituo vinne vya ndege za aina hiyo, kuanzia Dodoma mwaka 2018, vikihudumia zaidi ya vituo vya afya 1,000. Dunia nzima iliandika. Mwaka 2018 ukapita, vituo havikufunguliwa.

Kwa mtu anayeishi Masaki hii ni habari ya teknolojia. Kwetu Kagera ni habari ya uhai na kifo. Wilaya ya Muleba ina visiwa kama Bumbire, Goziba, Kerebe na Ikuza. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua kule, anategemea injini ya mtumbwi, mafuta ya kuwasha injini hiyo, na huruma ya mawimbi. Upepo ukichafuka usiku, hakuna safari. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba watu wa visiwani "hawakuwa tayari" kwa teknolojia. Walikuwa tayari jana.

Na jambo linalotia uchungu ni kwamba ndege hizo hizo za Zipline zinaruka Rwanda, jirani yetu wa hapo Rusumo tu, tangu Oktoba 2016. Kwa nini kule ziliishi? Siyo kwa sababu anga la Rwanda ni tofauti. Serikali yao iliingia mkataba ikawa mteja anayelipa. Damu inayorushwa ni ya mfumo wao wa taifa. Na vijana wa Kinyarwanda walifundishwa kuzirusha na kuzitengeneza. Kitu kilipata mwenyeji. Kwetu kilipata mgeni rasmi.

Kama bado unadhani siri iko ndani ya mashine, chukua M-Pesa. Mwaka 2005 Wakenya walianza kuijaribu kama njia ya kulipa mikopo midogo, wakishirikiana na Faulu. Wakagundua watu wanaitumia kwa mambo yao mengine kabisa, hasa kutumiana pesa. Badala ya kuwafokea wateja kwamba wanakosea, kampuni ikaifuata tabia ya wateja, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa kwa kazi hiyo ya kutumiana pesa. Kwetu ilikuja 2008, ikaanza kwa kusuasua, mawakala wachache na nchi kubwa, hadi mawakala walipoenea mpaka vijijini. Leo mwanafunzi wa Bukoba aliyeko Dodoma anatumiwa nauli kabla hajamaliza kulalamika.

Bidhaa hiyo hiyo ikapelekwa Afrika Kusini mwaka 2010, nchi tajiri kuliko sisi, ikiwa na lengo la wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Ilipofungwa Juni 2016, waliokuwa wanaitumia kweli kweli walikuwa kama 76,000. Jina moja, wazo moja. Kule watu wengi walikuwa na benki tayari, na mtandao wa mawakala haukukua. Basi tusiseme tena "teknolojia nzuri" na "teknolojia mbaya" kama vile tunazungumzia tabia za watu. Tuseme: nzuri wapi, na kwa nani?

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Siku hizi kuna mtindo, umetoka Marekani, wa kusifia kushindwa. Vijana wenye kampuni changa wanaambiwa washindwe haraka, wajifunze, wasonge mbele. Sawa, sina ugomvi na kujifunza. Ila mbona hakuna anayeuliza ada ya shule hiyo inalipwa na nani? Kampuni ikishindwa, mwenyewe anaenda kutoa mhadhara kuhusu alichojifunza. Mkulima wa Kamachumu aliyenunua kifaa kile kwa pesa ya kahawa ya maganda hajaalikwa kwenye mhadhara. Pengine hata kahawa yenyewe aliiuza kwa butura ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, ili apate pesa haraka. Huyo ndiye mwekezaji ambaye jina lake haliandikwi popote.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016? TCRA ilizima simu feki zote nchini. Kenya walishafanya hivyo mwaka 2012. Sipingi lengo, simu feki zina madhara yake, na wananchi tulitangaziwa mapema tubonyeze *#06# tuangalie namba ya simu. Lakini zile simu hazikuanguka kutoka mbinguni. Ziliingizwa na wafanyabiashara, zikauzwa dukani mchana kweupe, nyingine kwa risiti. Ilipofika usiku ule, aliyekuwa na hasara mkononi ni mmoja tu, mnunuzi wa mwisho. Muagizaji alikuwa ameshakula faida yake siku nyingi.

Sisi watu wa Bukoba tunataniwa kwamba tu nshomile, watu wa "nimesoma". Basi kwa kuwa tumesoma, tusome na historia yetu. Katika nchi hii ya Wahaya watu waliyeyusha chuma tangu kama miaka 2,000 iliyopita, na mabaki ya matanuri yao yamechimbuliwa Katuruka na Kemondo. Mwaka 1976 mtafiti Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery waliwaomba wazee wajenge tena tanuri. Wazee walikuwa hawajafanya kazi hiyo kwa nusu karne na zaidi, kwa sababu chuma cha kununua kutoka Ulaya kilikuwa kimeua soko lao. Walijaribu zaidi ya mara moja, wakakumbushana, hatimaye wakapata chuma. Udongo wa kichuguu, matete ya bwawani yaliyochomwa, makaa, mivukuto na mirija ya udongo. Mwaka 1978 habari yao ikachapishwa kwenye jarida la Science, na dunia ikashangaa.

Sisemi turudi kwenye mivukuto. Nasema teknolojia ile iliishi muda wote huo kwa sababu malighafi ilikuwa bondeni, fundi alikuwa jirani, na mwanafunzi wake alikuwa mtoto wa jirani mwingine. Ikiharibika, huhitaji kupiga simu ng'ambo. Na hata ilipokufa, iliacha watu wanaokumbuka. Ndege ile ya ziwani imetuachia nani anayekumbuka jinsi ya kuirusha?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, myapokee au myapinge. Kwanza, kila anayekuja na kifaa kipya aulizwe mbele ya watu: kikiharibika Muleba, fundi wake yuko wapi? Akijibu "makao makuu", tujue tumeletewa maonyesho. Kifaa ambacho fundi wa stendi ya Bukoba hawezi kukifungua, wala hajafundishwa kukifungua, kina tarehe ya kufa tayari.

Pili, kampuni inayouza vifaa vinavyotegemea mtandao wake peke yake iweke dhamana ya fedha kabla ya kupewa leseni, ili ikifunga wateja warudishiwe angalau sehemu ya pesa yao. TCRA ipo, na baraza la kutetea watumiaji wa mawasiliano lipo. Hili si la kusubiri wafadhili.

Tatu, kila jaribio linalofanyika kwenye afya za watu, kama lile la ziwani, liwe na ripoti ya mwisho kwa Kiswahili, isomwe kwenye vijiji husika. Kama limekufa, waambiwe limekufa kwa nini, na nani kati yao amebaki na ujuzi. Na vyombo vya habari vilivyoandika ukurasa wa mbele siku ya uzinduzi viandike walau aya mbili siku ya mazishi.

Najua kuna wadau watasema masharti kama hayo yatafukuza wawekezaji. Labda yatafukuza wachache. Lakini anayekimbia kwa kuulizwa fundi wake yuko wapi, angekimbia tu hata tusingemuuliza, tena baada ya kuchukua pesa ya kahawa.

Naomba kuwasilisha. Kama kwenu kuna marehemu ambaye hajaandikiwa tanzia, mtajeni.