Kilichogonga Chuma Nacho Kiandikwe

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliyekula mkate wangu kwa ukarani wa hesabu, kwanza Mombasa na baadaye Kanada, sina methali niipendayo kuliko hiyo. Ndiyo inayonisukuma kuandika juu ya jambo ambalo huenda msomaji wangu akalicheka, nalo ni hesabu za mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu.

Nilipouona mara ya kwanza niliuita wazimu. Watu wamevaa viatu vyenye makali ya kisu, wanakikimbiza kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.6, kwenda kwenye goli lenye upana wa sentimita 183 na kimo cha sentimita 122. Lakini mtoto wa jirani yangu, watu wa kwetu pwani, alijiunga na timu ya watoto ya mtaani, nami nikawa namsindikiza. Kwa kuwa kalamu hainitoki mkononi, nikapewa daftari la timu.

Msimu ule kijana alifunga mabao mawili. Lakini mara sita niliisikia ile sauti kali ya kisahani kugonga chuma, na uwanja mzima ukashika kichwa. Fomu niliyopewa ilikuwa na safu ya mabao, ya pasi za mabao, ya mashuti langoni na ya adhabu. Chuma hakikuwa na safu. Msimu uliofuata kocha aliisoma fomu, akachagua, na jina la kijana halikuwamo.

“Babu,” aliniuliza garini, “zile zilizogonga nguzo uliziandika?”

Sikuziandika, kwa sababu fomu haikuniuliza. Tangu siku hiyo sina raha na fomu ile.

Sikilizeni kanuni yenyewe. Katika ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, NHL, shuti langoni ni lile lililoingia, au lile ambalo lingeingia kama kipa asingelizuia. Lililogonga nguzo au mwamba na kurudi uwanjani halihesabiwi kuwa shuti langoni. Kwa hiyo anayempelekea kipa kisahani kifuani, polepole, kama mtu apelekaye barua posta, huandikiwa shuti. Aliyemshinda kipa kabisa, akazuiwa na bomba la chuma lenye unene wa sentimita 6, huwekwa fungu moja na aliyerusha kisahani juu ya goli hadi ukutani. Karani gani angekubali hesabu ya namna hiyo dukani kwake?

Wala msiniambie kwamba kazi ya kuhesabu ni kubwa. Makarani wa NHL tayari huandika, katika taarifa ya kila tukio la mchezo, kwamba shuti fulani liligonga nguzo na jingine liligonga mwamba. Mwenye subira ya kuchimba atazipata. Lakini ule mstari ambao watu husoma, wenye jina, mabao, pasi, alama na mashuti, hauna habari hiyo. Na ligi ndogo za watoto hufuata mstari huohuo. Kuna pia hesabu iitwayo Corsi, kwa jina la Jim Corsi aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo Sabres, inayojumlisha mashuti yaliyolenga, yaliyokosa na yaliyozuiwa na mabeki. Ni hesabu yenye manufaa, lakini nayo hutia nguzo na ukuta katika kapu moja.

Wapinzani wangu wana hoja tatu. Ya kwanza: bao ni bao, nusura haijazi kibaba. Nakubali. Siombi nusura ilipwe alama hata moja. Dukani deni ambalo halijalipwa si fedha mkononi, lakini huandikwa, na asiyeliandika hajui hali ya duka lake.

Ya pili: kugonga nguzo ni bahati, si ufundi. Hiyo ndiyo sababu yangu! Kocha anapaswa kujua ni nani aliyekosa bahati na ni nani aliyekosa uwezo. Sisemi kwamba zile sita za kijana wetu zingekuwa mabao sita. Zingehama sentimita chache, nyingine zingeingia na nyingine zingepita nje. Wala sitaki pawe na zawadi ya mfalme wa nguzo, kwani katika msimu mmoja ni chache mno kuweza kupanga wachezaji kwa daraja. Nasema tu kwamba mwenye mabao mawili na nguzo sita si sawa na mwenye mabao mawili peke yake.

Ya tatu ndiyo nzito: nani atapima nusura? Tarehe 4 Januari 2007 Patrik Stefan wa Dallas Stars alibaki peke yake mbele ya goli tupu la Edmonton Oilers. Kisahani kikaruka gongo lake, akaanguka, na Edmonton wakaenda kusawazisha zikiwa zimebaki sekunde mbili. Je, ile ni nusura? Kila jicho lingetoa hukumu yake. Ndiyo maana mimi siombi macho yahukumu. Naomba chuma peke yake. Chuma hakina timu wala hakina mpwa uwanjani; kikigongwa hulia, na wote husikia.

Mtu mzima anayelipwa mamilioni atavumilia fomu mbovu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja huamini kwamba kilichoandikwa juu yake ndicho alicho. Kijana yule alikaa nje mwaka mzima, akaniambia hana mkono wa kufunga. Nilimwambia nilichokiona kwa macho yangu, lakini maneno ya mzee garini hayana nguzo za kuegemea mbele ya karatasi ya kocha.

Alirudi uwanjani mwaka uliofuata, katika timu nyingine, nami nikarudi na daftari. Pembeni mwa safu ya mashuti nilipiga mstari kwa rula, juu yake nikaandika neno moja: Chuma. Hakuna aliyeniruhusu, na mpaka leo hakuna aliyeniambia nifute.